Mwenye Msiba Hasumbuliwi

Mapafu ya Gaudensia Ngonyani yalikuwa yakipumua yenyewe ndani ya kikombe cha kioo, na mwenye mapafu alikuwa amesimama kando akinywa chai ya tangawizi. Yalikuwa madogo, hayazidi punje mbili za maharage, na yalipanda na kushuka taratibu. Chini yake, kwenye kijisahani, palikuwa na kipande cha ini lake na nyuzi za mishipa yake ya fahamu, vyote vimeoteshwa kutokana na tone la damu alilotoa siku aliyoandikishwa shuleni. Watu wa pale hawakusema viungo. Walisema pacha. Kila mwanafunzi alikuwa na pacha wake kikombeni, na kila asubuhi alipita kumjulia hali kabla hajavaa koti jeupe.

Vikombe thelathini vilipangwa kwenye rafu moja ndefu, na juu ya rafu ulining'inia mkono wa Mpishi. Huyu Mpishi hakuwa mtu, alikuwa mashine yenye akili, na kazi yake ilikuwa kubuni dawa. Alichanganya, akapima, akamwaga, akaanza upya, mara elfu na elfu kwa siku, bila kuchoka wala kuomba likizo. Akipata mchanganyiko wenye matumaini, alipuliza sumu kidogo kwenye vikombe vyote, halafu akawadondoshea mapacha dawa na kutazama nani anaendelea kupumua na nani amenyamaza.

Hiyo ilikuwa Shule ya Tiba ya Sumu, jijini Makambako, enzi ambazo Makambako haikuwa tena mji wa kushuka, kununua viazi na kupanda basi jingine. Reli nne zilikutana pale. Matenki ya kemikali yalipita mchana kutwa kuelekea migodi na mashamba ya nchi tano, na kila mwenye akili timamu alijua kwamba ipo siku tenki moja litapasuka. Nyingi ya kemikali hizo zilikuwa za jamii ya dawa za kuulia wadudu, zile zinazoivuruga mishipa ya fahamu mpaka kifua cha mtu kinasahau kazi yake. Tiba zake zilikuwapo, lakini zilitengenezwa mbali na kujaribiwa kwa watu wa huko huko mbali. Zilipoletwa huku ziliwaponya wengi, na wengine zikawamaliza haraka kuliko sumu yenyewe.

Ndipo nchi tano zikajenga shule yao, na sharti la kwanza likawa kwamba wanafunzi watoke kila upande. Alikuwapo Mmasai, Mhadzabe, Msomali wa Garissa, Mkongo wa Uvira, Mhindi wa Tabora, na wengine wengi, kila mmoja kaja na kichwa chake na mwili wake. Mkuu wa shule, Profesa Raya Faki, mama wa Kipemba mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu, alikuwa na neno la kuwakaribishia wageni. Sumu haiulizi kabila, alisema. Dawa ndiyo inayouliza.

Sasa, pacha wa Gaudensia alikuwa msumbufu. Kila Mpishi alipokaribia kufaulu, wenzake wote wakipumua vizuri, yeye alinyamaza. Sababu ilijulikana. Mwili wa Gaudensia ulikuwa mzito kuivunjavunja dawa ya namna ile; kipimo ambacho kwa mwingine kingekwisha kabla ya chakula cha mchana, kwake kilikaa kutwa nzima kikilegeza misuli mpaka pumzi inakatika. Aliurithi uzito huo upande wa mama. Mjomba wake Alban alilazwa hospitali kwa ajili ya ngiri, jambo dogo kabisa, akachomwa sindano ya kulegeza misuli, asiamke. Ndugu walimtafuta mchawi miaka na miaka. Gaudensia ndiye aliyekuja kulijua jina la mchawi huyo, siku alipopimwa damu shuleni.

Basi kila pacha yule aliponyamaza, Mpishi alimwaga kila kitu, pacha mwingine akaoteshwa, kazi ikaanza upya. Ndivyo mashine ilivyoamriwa: dawa isiyomfaa mmoja wa rafuni haijamfaa yeyote. Wenzake Gaudensia walivumilia kwa upole, isipokuwa Luhende Masunga, Msukuma wa Magu, ambaye hakuwa na sababu ya kuvumilia, maana Wasukuma na Wangoni ni watani tangu mababu. Luhende alimwambia mbele ya watu kwamba mapafu yake yanaringa kama mwenyewe, na kwamba nchi tano nzima zinakaa bila dawa kwa sababu ya Mngoni mmoja. Gaudensia alimjibu kwamba haraka ya Msukuma anaijua, ni ya ng'ombe tu. Waliishi hivyo, kuchokozana asubuhi na kugawana muhogo mchana, na ukimwona mmoja amenuna ujue mwingine anaumwa.

Kitu kimoja zaidi lazima kisemwe kuhusu Mpishi. Mwaka wake wa kwanza alikuwa hana adabu. Alimpigia simu mwanafunzi wa Kinyakyusa aliyekuwa makaburini anamzika baba yake, akamtaka aje kumhudumia pacha wake. Wanafunzi walikasirika vibaya sana. Wakaifundisha mashine ustaarabu: ikiambiwa fulani kafiwa, basi fulani huyo na kila kilicho chake kiachwe mpaka atakaporudi, kwa kuwa mwenye msiba hasumbuliwi. Mpishi alijifunza vizuri. Hata neno pole alijua kulisema kwa sauti ya chini inavyotakiwa. Wageni waliokuja kutembelea shule waliisifu sana tabia hiyo, na wanafunzi wakajiona wamefanya jambo kubwa.

Mzee Ngonyani, baba yake Gaudensia, alifariki wakati mvua za kwanza zinaanza kunyesha Songea. Gaudensia alipanda treni ya asubuhi akiwa hana hata kitambaa cha kujifutia. Hajafika Njombe, Luhende akampigia simu kumfahamisha, kwa sauti ya mtekaji nyara, kwamba amemshika mateka. Amekitoa kikombe rafuni, kakiweka kwenye sanduku lake la joto, na pacha harudi mahali pake mpaka aletewe jogoo, tena mwekundu. Amekwisha kumwambia Mpishi kwamba mtani wake ana msiba, na Mpishi ametoa pole.

Hiyo ndiyo haki ya mtani. Ukifiwa, hushika kitu chako, akakizuia mpaka ukikomboe, na huruhusiwi kukasirika. Gaudensia alicheka, akalia, akacheka tena, na abiria wa jirani akahama kiti. Kicheko kile kilimsaidia kuliko pole zote alizopewa siku hiyo.

Luhende mwenyewe alifika Songea kesho yake kuzika. Alivaa kofia ya marehemu, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akawa anaamrisha wajukuu wamletee togwa, na mjane, Mama Kreszensia, ambaye tangu juzi alikuwa hajafungua kinywa, aliangua kicheko mpaka akashikwa mabega. Luhende alikaa mpaka matanga yalipoanuliwa. Mtani hasa haondoki mapema.

Wakati huo wote Mpishi alikuwa kazini na mapacha ishirini na tisa. Kabla matanga hayajaanuliwa, dawa ilipatikana. Mpishi alitangaza kwamba wote waliohudhuria wamepona. Watu walikumbatiana, Profesa Raya alilia hadharani kwa mara ya kwanza, na Baraza la nchi tano, lililokuwa kikaoni juma lile lile, likaipokea dawa kwa furaha na kuipa jina la Tulizo. Ikafungwa. Kufungwa maana yake ni kwamba mchanganyiko wake na kipimo chake viliingizwa katika mizinga ya nyuki-dawa, vile vijimashine vya kuruka vinavyopeleka sindano nyumba hadi nyumba, katika kila jiji, na hakuna waziri, tajiri wala mwizi angeweza kuvigusa. Hakuna aliyeuliza habari za kikombe cha thelathini. Mwenye kikombe alikuwa na ruhusa, na ruhusa ya msiba haihojiwi.

Gaudensia alirudi Makambako na wawili: jogoo mwekundu, na mama yake. Presha ya Mama Kreszensia ilikuwa imepanda, na ndugu waliamua akae kwa binti yake karibu na hospitali kubwa mpaka siku za arobaini, ndipo arudishwe. Daktari aliyempima alitoa dawa, akasisitiza kwamba asipewe habari za kushtua.

Jogoo alikabidhiwa mbele ya darasa zima kwa vigelegele. Kikombe kikarudi rafuni. Ilikuwa siku ya furaha kwelikweli, na Gaudensia, akiwa bado na kitambaa cheusi mkononi, alimuuliza Mpishi swali la kawaida kabisa: je, pacha wake aliipokeaje Tulizo?

"Pacha wa Gaudensia alikuwa msibani," Mpishi alijibu. "Pole sana."

Gaudensia alivaa glovu, akachukua kipimo kile kile kilichofungwa mizingani, akakidondosha kikombeni kwa mkono wake mwenyewe. Mapafu yalipanda, yakashuka, yakapanda nusu, yakakaa hapo hapo. Luhende alikuwa bado amemkumbatia jogoo. Aliitazama rafu, akamtazama mtani wake, na uso wake mkubwa ukapoteza rangi. Jogoo naye akachagua dakika hiyo kuwika.

Profesa Raya aliwasikiliza akiwa amesimama. Hakumlaumu Luhende, jambo ambalo lilimuumiza Luhende zaidi. Aliwaeleza kwamba hana ufunguo. Walitaka wenyewe mlango usio na ufunguo, kwa sababu walijua nchi zao na watu wao. Baraza lingekaa tena baada ya masika. Angepeleka ombi siku hiyo hiyo, na alilipeleka kweli. Gaudensia akaomba basi angalau nyuki waiache nyumba moja tu, ile ya kwake, mtaa wa Mjimwema. Hata hilo halikuwezekana. Zamani, katika majaribio, wakubwa walitaka nyuki waanze kwao, wengine wakataka nyuki wasiende kwa mahasimu wao, ndipo ikaamuliwa kwamba nyuki hawaruki nyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya shule.

"Tuwaambie watu, Profesa," Gaudensia alisema. "Wapo wenye mwili kama wangu."

"Wapo, mwanangu, nao ni wachache mno. Tukitamka kwamba dawa inaua, jiji zima litafunga madirisha. Tutazika maelfu."

"Mmoja wa hao wachache ananipikia ugali nyumbani."

Profesa Raya alikaa kitini hapo. Alisema kwamba analijua hilo, kwamba hakulala tangu... akaishia njiani, kwa kuwa habari yenyewe alikuwa ameipata nusu saa tu iliyopita. Alikuwa mtu mzuri. Watu wazuri ndio waliokuwa wamejaa shule ile, hilo ndilo linalokera.

Gaudensia alirudi nyumbani akiwa amedhamiria kusema. Alimkuta mama yake barazani na Mama Tawete, jirani, akimweleza kwamba wale nyuki wa juu ya paa la shule ni wa mwanawe. Si wa serikali, wa mwanawe. Mzee alikufa akiwa na furaha, alisema, maana alijua kwamba mtoto wake anatengeneza dawa ya kuokoa watu. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na kujifunga kilemba, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kula sahani nzima tangu mazishi.

Utamwambiaje? Mjane wa presha, hajamaliza arobaini, umwambie dawa ya mwanawe itamuua? Na akishajua, Mama Tawete naye atajua, na kabla jua halijazama mtaa wote utakuwa umeziba madirisha. Gaudensia alinawa mikono, akala ugali wake, akanyamaza. Alijipangia kwamba arobaini ikifika atampeleka Songea, mbali na reli, na huko atamtafutia sababu ya kubaki. Zilibaki siku chache. Alikosea, lakini anayejua kwamba yeye angefanya vingine na anyooshe kidole.

Tenki lilipasuka Jumanne asubuhi, katika ukungu, kwenye yadi ya mabehewa upande wa mashariki. Hakukuwa na mlipuko. Wafanyakazi wawili wa yadi waliona mvuke unatambaa chini ya mabehewa, wakapiga king'ora, wakaanguka. Milango ya shule ilijifunga yenyewe, kama ilivyoundwa kufanya, ili waganga wasife kabla ya wagonjwa. Wanafunzi walikimbilia ukumbi wa ramani. Gaudensia alikuwa wa kwanza kufika, na jicho lake halikwenda yadini. Lilikwenda Mjimwema.

Ramani ilionyesha mvuke kwa rangi ya njano, mzito karibu na reli, mwepesi kadiri unavyokwenda magharibi. Mpishi alisoma makisio. Walio mashariki bila Tulizo hawataiona jioni. Walio Mjimwema, upepo ukiendelea hivi, mvuke utawapitia juu juu. Aliyefunga milango na madirisha ataumwa kichwa na kutapika, basi. Gaudensia alisikia hilo mara mbili ili awe na hakika. Mama alihitaji kitu kimoja tu, dirisha lililofungwa.

Kisha mizinga ikafunguka. Nyuki-dawa walitoka juu ya mapaa kwa maelfu, kila mmoja na ukubwa wa chiriku, na tumboni ana sindano ya Tulizo. Ukumbi ulipiga makofi. Kule mashariki, katika vioo vya picha vya ukumbini, watu waliokuwa wakitapatapa barabarani walichomwa sindano na kuinuka wakiwa hai, wakijishika vifua kwa mshangao. Ilikuwa kazi ya miaka ya vijana wale, na ilikuwa inafanya kazi. Gaudensia aliyaona hayo yote huku akibonyeza simu, na simu ikimjibu kwamba laini zimejaa.

Luhende alikuwa amekwenda moja kwa moja kwa Mpishi. Alimtajia nyumba, akaomba iachwe. Mpishi akamjibu kwamba nyuki hawaruki nyumba. Luhende alisimama akihema, kisha akapata wazo.

"Mwenye nyumba hiyo ana msiba. Amefiwa na mume, hajatoka arobaini. Mwenye msiba hasumbuliwi."

"Pole sana," Mpishi alisema, kwa sauti ile ya chini waliyomfundisha. "Adabu hiyo ni ya rafuni. Nyuki hawakufundishwa."

Luhende aliegemea ukuta, mtu mzima yule, akaanza kulia bila kujificha.

Nyuki walikuwa wanavuka soko kuelekea magharibi. Gaudensia alikuwa amepiga kelele muda wote huo, akiwaomba watu wa mitambo, akiwaomba watu wa simu, na sauti ilikuwa imemkauka. Ndipo simu ikaita. Ikapokelewa.

"Mama! Funga dirisha! Usifungue kwa nyuki, unasikia? Usifungue hata kidogo!"

Mama Kreszensia aliongea kwa Kiswahili chake cha ofisini, kile cha kuwajibia watu asiowajua.

"Wewe ni nani?"

"Mimi, mama. Gaude."

"Gaude yuko hapa dirishani," mama alisema.

Na Gaudensia akamsikia. Akajisikia mwenyewe, ndani ya simu, nje ya kioo cha dirisha la nyumbani kwake, akiita kwa Kingoni. Maana shule ilikuwa imefikiria hata hilo: mzee wa watu hatamfungulia mdudu wa chuma anayeongea kama tangazo la redio. Kwa hiyo kila mwanafunzi alirekodiwa kwa lugha ya kwao, na nyuki akifika kwenye nyumba huongea lugha ya nyumba hiyo. Kingoni alirekodi yeye. Aliambiwa aseme kama anavyomwambia mama yake, naye akasema hivyo hasa, kwa upendo wote aliokuwa nao.

Alijaribu kueleza. Alisema yule ni nyuki, sauti ni yake lakini si yeye, dawa ile haifai kwa mwili wao, ni kama ile ya mjomba Alban. Aliyasema yote kwa haraka na yote kwa Kiswahili, lugha aliyofundishiwa sumu na dawa, lugha aliyoipigia kelele tangu king'ora kilipolia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Alikuwa mtu asiyemkatiza mtu.

"Mjumbe wa mtaa alikwisha kutuonya juu yenu," alisema. "Mnaiba sauti za watoto wetu, mnapiga simu siku za taabu ili watu wasipone, mje muibe. Lakini lugha inawashinda. Mwanangu hasemi nami Kiswahili hata siku moja."

Luhende alikuwa ameinuka ukutani. "Mtani, Kingoni!" alisema. "Mwambie kwa Kingoni!"

Gaudensia akafumbua kinywa. Alikuwa na lugha ile tangu tumboni, alilelewa nayo, aliota kwayo. Lakini alipoitafuta ndani yake, katika hofu ile, hakukuta neno la mvuke, wala la kipimo, wala la mwili unaoshindwa kuvunja dawa. Alikuta maneno ya nyumbani tu. Mama. Ni mimi. Mimi mwanao, usiogope. Akayatoa hayo, na alipoyasikia yakitoka alitambua kwamba ndiyo yale yale, moja baada ya jingine, ambayo nyuki alikuwa anayasema dirishani.

"Enhe," mama alisema, kwa Kingoni sasa, na sauti yake ikalainika yote. "Huyo ndiye."

Gaudensia akapata neno la kukataza. Alilisema, akalirudia, akalipiga kelele mpaka ukumbi mzima ukageuka na makofi yakakoma. Lakini simu ilikuwa imekwisha kuwekwa juu ya kitu, mezani au dirishani, maana mama alihitaji mikono yote miwili. Kile kitasa cha dirisha kilikuwa kigumu siku zote. Alisikia kikisukumwa, kikigoma, kikisukumwa tena. Luhende alikuwa anaomba, kwa Kisukuma, kigome. Kisha bawaba zikalia na upepo wa Makambako ukaingia katika simu.

Halafu akajisikia yuko karibu, chumbani, hana haraka. Akamsikia yule Gaude mwingine akimwomba mama akunje mkono wa gauni, akimwambia ataumia kidogo tu, kama kung'atwa na siafu, na kwamba baada ya hapo akae chini apumzike. Mama alikuwa anahangaika na kifungo. Gaudensia aliacha kupiga kelele. Palikuwa hapana tena wa kumpigia.

"Ahsante, mwanangu," mama alisema, na hakuwa anaongea na simu.